Siku ya Elfu Moja Bila Lalamiko

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumanne, gari dogo jeupe la milango minne lilisimamishwa kwenye Kizuizi Namba Nne cha Barabara ya Utulivu. Ndani yake walikuwamo watu wawili na mtungi mmoja wa gesi ya kupikia wa kilo kumi na tano. Mtungi ulikuwa kwenye kiti cha mbele, wima, umefungwa kwa mkanda wa kiti na kamba mbili za manila. Madirisha yote manne yalikuwa wazi.

Dereva alikuwa Mwalimu Sudi Mkwaya, mwenye umri wa miaka sitini na nne, mstaafu, aliyefundisha kemia kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye kiti cha nyuma alilazwa mkewe, Bi. Raihani, mguu wake wa kulia ukiwa na plasta kuanzia nyongani hadi vidoleni. Walikuwa wanatoka hospitali, na njiani walipitia bohari ya gesi. Mtu mwenye mguu wa namna hiyo hana shughuli bohari, lakini mtungi ni mali ya nyumba, na kanuni zetu zinataka mume na mke wafike wote wawili, waunyanyue kwa pamoja na kutamka "Tumeridhika" mbele ya karani. Bi. Raihani aliunyanyua upande wake akiwa ameegemea gongo. Kisha karani akaugonga mtungi kichwani mara tatu kwa spana, kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri, kama inavyofanyika kwa kila mtungi unaotoka bohari, ukawa halali kusafirishwa.

"Mwenzangu kafungwa mkanda kama mke wa pili," Bi. Raihani alimwambia mumewe walipoondoka, akiutazama mtungi pale mbele. "Mimi nimerundikwa huku kama gunia la mkaa."

Mwalimu alimjibu kwamba mtungi ukianguka unaweza kuvunjika vali, ilhali yeye alikuwa ameshavunjika.

*

Msomaji wa nchi nyingine huenda hajui kwamba nchi yetu inaongoza kwa usalama wa gesi. Haikuwa hivyo siku zote. Miaka minne iliyopita Wizara ya Nishati na Utulivu ilikuwa ikipokea malalamiko mia nne na kumi na mawili kila mwezi kuhusu mitungi inayovuja. Waziri, Mheshimiwa Profesa Ladislaus Komanya, aliunda tume. Tume ilikaa miezi saba na kugundua jambo ambalo halikutegemewa na yeyote: walalamikaji wote, bila kumtoa hata mmoja, walisema wamesikia harufu.

Gesi ya kupikia, kwa asili yake, haina harufu. Ile harufu kama ya yai lililooza hutiwa kiwandani kwa makusudi, ili mtungi ukivuja mwenye pua ajue na akimbie. Tume ilithibitisha kwamba harufu hiyo ndiyo chanzo cha malalamiko, ikapendekeza iondolewe. Iliondolewa tarehe mosi ya mwezi uliofuata. Mwezi ule ule malalamiko yalishuka hadi matatu, yote kutoka kwa watu waliokuwa bado na mitungi ya zamani, nao walishughulikiwa. Mwezi wa pili yakawa sifuri, na hayajapanda tena.

Idadi ya nyumba zinazolipuka nayo iliongezeka katika kipindi hicho, lakini nyumba ziko chini ya Wizara ya Makazi. Hakuna mkazi hata mmoja wa nyumba hizo aliyefika kwa Profesa Komanya kulalamika.

Ili mafanikio hayo yasichezewe, ilitungwa sheria. Anayedai kwamba gesi inavuja bila kuonyesha harufu anatenda kosa la lalamiko, kifungo miaka mitatu, na sharti aondolewe mahali alipo mara moja kabla hajasikiwa na wengine. Na kwa kuwa raia hawaaminiki kunusa wenyewe, iliundwa Idara ya Kunusa, yenye watumishi elfu mbili na mia sita, kila mmoja na cheti chake. Katika mtihani wa cheti mtahiniwa hufungwa kitambaa machoni na kuletewa vitu vitatu: sahani ya pilau, soksi iliyovaliwa, na mtungi uliofunguliwa. Anayeitaja pilau, akaitaja soksi, akanyamaza mbele ya mtungi, amefaulu. Katika mwaka wa kwanza watahiniwa wote walifaulu, isipokuwa mmoja aliyeanguka akazimia. Huyo alipewa nafasi ya kurudia.

*

Mnusaji wa zamu pale Kizuizi Namba Nne alikuwa Koplo Hatibu Ndimbo, Mnusaji Daraja la Pili. Alimtambua dereva papo hapo, kwa sababu alifundishwa naye kidato cha tatu. Akavua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Hatibu. Umekuwa mtu mzima."

"Ndiyo, Mwalimu. Naomba uzime gari, ufunge madirisha."

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Gari lenye mtungi husimama juani, injini huzimwa, na madirisha hufungwa kwa robo saa ili harufu, kama ipo, ijikusanye. Kisha kioo kimoja hushushwa kwa upana wa vidole vinne na mnusaji huingiza pua. Dereva hutoka nje kujaza fomu. Abiria hubaki ndani, kwa kuwa kanuni ya kumi na nne inamtambua abiria kuwa kipimo hai: abiria akitulia, gesi imetulia.

Mwalimu alipozima injini alisikia mluzi. Ulikuwa mwembamba, wa kulegalega, na ulitoka kwenye shingo ya vali, pale pale spana ilipopita. Barabarani, kwa kelele za injini na upepo wa madirisha manne, haukusikika. Aliinama, akaukaza mkono wa vali hadi mwisho. Mluzi uliendelea.

Alishuka, akamwambia Koplo kwa sauti ya chini kwamba mtungi unavuja, na kwamba mkewe atolewe kwanza, mengine yafuate.

Koplo alitazama kushoto na kulia. Alikuwa kijana mwema, na wote waliohojiwa wanakubaliana juu ya hilo.

"Mwalimu, hilo sijalisikia," alisema. "Ukilirudia nitakuwa nimelisikia."

Mwalimu hakulirudia. Alifungua mkoba wa hospitali, akatoa kipande cha sabuni na chupa ya maji ya kunywa, akapiga povu kiganjani na kulipaka shingoni mwa mtungi. Mapovu yalianza kuvimba. La kwanza lilipasuka likiwa kama punje ya mahindi. La tatu lilifikia ukubwa wa ndimu na kukaa hapo likitetemeka, rangi zote za upinde wa mvua zikizunguka juu yake. Koplo alilitazama kwa makini mpaka likapasuka. Kisha akaandika daftarini: *Povu lipo. Harufu hakuna.* Akaichukua sabuni, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Hatibu, nilikufundisha nini juu ya gesi hii?"

"Kwamba haina rangi wala harufu, Mwalimu."

"Na hapa unasikia harufu?"

"Hakuna kabisa."

"Kwa hiyo?"

Koplo alifikiri. "Kwa hiyo ndiyo yenyewe," alisema, "na iko safi."

Katika mtihani wake wa mwisho wa kemia alipata alama kumi na nne kwa mia. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemsahihisha.

Saa tatu na dakika ishirini na sita madirisha yalifungwa, Bi. Raihani akiwa ndani.

*

Robo saa ilitakiwa kuisha saa tatu na dakika arobaini na moja. Saa tatu na dakika thelathini na nane amri iliingia kwenye redio ya Koplo. Siku hiyo ilikuwa ya elfu moja tangu lalamiko la mwisho, na Mheshimiwa Waziri alikuwa njiani kwenda uwanjani kuhutubia. Alitaka kusimama kwenye kizuizi kimoja na kunusa gari la raia kwa pua yake mwenyewe, mbele ya kamera. Kizuizi kilichochaguliwa ni Namba Nne. Litafutwe gari la mfano.

Asubuhi hiyo yalikuwa yamepanga foleni magari kumi na moja. Kumi yalikuwa na mitungi iliyolazwa kwenye buti chini ya magodoro, mablanketi na katika gari moja chini ya mbuzi, kwa kuwa raia wote wanajua kwamba mtungi usioonekana haunuswi na mwenye gari huwahi nyumbani. Koplo aliyaruhusu yote kumi yapite, yasije yakaharibu picha. Lililobaki lilikuwa na mtungi wima, umefungwa mkanda, dereva ana vitambulisho vyote. Katika miaka miwili ya kazi Koplo hakuwahi kuona gari lililotimiza kanuni zote, na alisema hivyo kwa redio, sauti yake ikiwa na furaha ya kweli.

Aliamriwa alishikilie hapo lilipo, na asifungue kioo hata kimoja, harufu isitoroke kabla Mheshimiwa hajafika.

"Harufu ipi?" Mwalimu aliuliza.

"Ile ambayo haipo," alisema Koplo.

Saa tatu na dakika hamsini Bi. Raihani aligonga kioo. Alisema kichwa kinamgonga na kwamba wenye gari wamepata kivuli yeye kaachwa aive. Joto ndani ya gari, kwa kadirio la chini, lilikuwa nyuzi arobaini na sita. Mwalimu alifungua mlango, akamshika mkewe makwapani na kuanza kumvuta. Askari wawili wakamshika yeye makwapani na kumvuta pia, mlango ukafungwa. Koplo alimweleza kwa adabu kwamba akimtoa abiria, gari litabaki halina kipimo, na gari lisilo na kipimo si la mfano.

Saa nne kamili Bi. Raihani aligonga tena, mara moja. Dakika nne baadaye alilaza shavu kwenye kiti, mdomo wazi.

Koplo akaandika: *Abiria ametulia.*

*

Mwalimu alisimama kando ya barabara akifanya hesabu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujaza sakafu kwanza, kisha hupanda usawa wa viti. Ikifika sehemu mbili kwa mia ya hewa ya ndani, cheche yoyote inatosha. Kwa mluzi ule, kwa gari lile, kwa muda ule, alikadiria kwamba sehemu mbili zilikuwa zimeshapita. Kulikuwa na askari sita, bunduki nne, na mguu wa plasta ambao mtu mmoja peke yake hawezi kuutoa haraka. Kumwomba Koplo hakukuwa na maana. Kupigana nao kungechukua muda mfupi, na angeshindwa.

Lilibaki jambo moja tu katika nchi ambalo lilikuwa na kasi kuliko gesi.

Alimwendea Koplo, akasimama wima kama anayeripoti.

"Koplo, nina taarifa. Mke wangu amelalamika."

Koplo aliacha kuandika.

"Mwalimu, tafadhali."

"Amesema gesi inavuja. Amesema mara mbili. Nimemsikia kwa masikio yangu, na niko tayari kutia sahihi."

"Leo? Siku ya elfu moja?"

"Leo. Na Mheshimiwa akifika atalirudia."

Ilichukua sekunde arobaini. Askari wanne walifungua milango yote ya nyuma kwa pamoja, wawili wakavuta mabega, wawili wakavuta miguu bila kukubaliana waelekee upande gani. Plasta ilipasuka sehemu mbili. Bi. Raihani alipigwa na upepo, akafumbua macho, akatapika kwenye buti za askari mmoja, kisha akaelewa yuko mikononi mwa nani. Karatasi ya tuhuma ilisomwa hapo hapo, pamoja na jina la mtoa taarifa.

"Mwalimu," alisema, "umenichongea?"

"Ndiyo."

"Wewe, Sudi? Miaka thelathini na minane nakupikia?"

"Mpelekeni mbali," Mwalimu aliwaambia askari. "Asiwekwe hapa. Ni hatari kwa taifa."

Bi. Raihani alimtukana. Matusi yenyewe yameandikwa kwenye daftari la Koplo, yanajaza mistari sita, na mengi yanahusu upande wa mama yake Mwalimu. Mwalimu aliyasikiliza yote bila kuondoa macho kwenye lori la askari alimopakiwa mkewe, mpaka lilipowashwa. Liliondoka saa nne na dakika ishirini na moja. Milango ya gari dogo ilifungwa tena, kwa kuwa amri ya harufu ilikuwa haijafutwa.

Koplo alimletea Mwalimu kiti.

"Hongera, Mwalimu. Si wengi wangeweza. Na usihuzunike, kesho utamdhamini. Sheria inataka dhamana ya mwenzi wa ndoa, ambaye hajawahi kulalamika hata siku moja. Wewe ni msafi."

Mwalimu aliuliza kama mwenzi naye amelalamika inakuwaje.

"Hapo hakuna dhamana. Wote wanakaa miaka yao mitatu." Koplo aliona haya kidogo. "Na kule, Mwalimu, mguu kama ule hauwezi kupona."

*

Mheshimiwa Profesa Komanya alifika saa nne na dakika thelathini na tano, na magari kumi na moja, bendi ya matarumbeta, na gari la matangazo la redio ya taifa. Alikuwa amebandikwa kipaza sauti kwenye kola, na kila alichosema kilikuwa kikirushwa moja kwa moja. Maneno yake yanayofuata tumeyapata studio.

Alielezwa kwamba mwenye gari hili, muda mfupi uliopita, amemtia mkewe mikononi mwa dola kwa ajili ya kulinda siku ya elfu moja. Waziri alimkumbatia Mwalimu. Alisema akiwa na watu kumi kama huyu, yeye binafsi anaweza kwenda likizo. Kisha kioo cha dereva kikashushwa vidole vinne, bendi ikanyamaza, na Waziri akaingiza pua.

"Ndugu wananchi," alisema alipoitoa. "Nimenusa kwa tundu la kulia. Nimenusa kwa tundu la kushoto. Na sasa nawaambia bila woga: nimekutana na utulivu. Yapo mataifa yanayosambaza harufu. Sisi tunasambaza gesi."

Watu walipiga makofi. Yeye akasubiri yaishe.

"Lakini wabaya wetu watasema, Waziri amenusa, akaondoka. Sasa mimi siondoki. Nitaingia kwenye gari hili la mnyonge, na mtungi wake, nitaliendesha mwenyewe mpaka uwanjani. Na shujaa wetu atakaa nyuma."

Mlango ulifunguliwa. Waziri alikaa kwenye usukani, akausukuma mtungi kidogo kwa kiwiko ili apate nafasi. Mwalimu aliombwa aingie pale alipokuwa mkewe. Aliingia, na mara moja akashusha kioo. Fundi wa matangazo akamwomba akipandishe, upepo unaharibu sauti. Koplo akapandisha na kile cha dereva.

"Mheshimiwa," Mwalimu alisema, na hii inasikika vizuri sana kwenye kanda, "ningeshauri tufungue milango minne. Vijana walisukume mpaka kivulini, likae nusu saa. Ndipo uwashe."

Waziri aligeuka kumtazama.

"Mwalimu wangu. Unalalamika?"

Waliokuwa nje wanasema Mwalimu alitazama barabara ambayo lori lilipita.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema. "Sijawahi."

Koplo alitoa cheti chake shingoni, akakiinua juu kama kanuni inavyotaka, kuonyesha kwamba gari limepita. Saa nne na dakika hamsini na mbili Mheshimiwa Waziri alizungusha ufunguo.

Redio ya taifa iliendelea na nyimbo za kwaya.

*

Saa tano na dakika kumi na saba lori lilifika Kituo cha Kati. Karani wa zamu alimwandikisha Raihani binti Shomvi, miaka hamsini na tisa, kosa lalamiko moja. Aliulizwa kama ana lalamiko lingine. Alisema hana, alikuwa nalo njia nzima, lakini ameshaelewa.

Aliulizwa nani atakayemdhamini.

"Mume wangu," alisema. "Hajawahi kulalamika. Yuko nyuma yetu, anakuja na gari."

Karani aliandika hivyo, akamwambia akae kwenye benchi la karibu na mlango, ili amwone akiingia.